Naomba Utani na Wajerumani

Mngoni anazaliwa watani wake wakiwa tayari wanamsubiri. Hakuwachagua wala hakuwaomba, lakini wapo, na siku akifa watafika msibani kabla ya shemeji zake. Mmoja ataingia kaburini ajilaze, agome kutoka mpaka wafiwa watoe chochote. Mimi nimekulia humo. Halafu riziki ikanileta Berlin, mji ambao mtu akitaka kufanya mzaha inabidi kwanza aulize sheria inasemaje.

Na sheria ipo. Kifungu cha 86a cha sheria ya makosa ya jinai ya Ujerumani kinakataza kutumia hadharani alama za Wanazi: bendera, nembo, kaulimbiu, salamu. Adhabu yake ni faini, au kifungo kinachoweza kufika miaka 3. Agosti 2017 watalii wawili kutoka China walisimama mbele ya jengo la Bunge hapa mjini, wakapigana picha wamenyoosha mkono ule wa Hitler. Polisi wakawabeba. Waliachiwa kwa dhamana ya yuro 500 kila mmoja, na nadhani ndiyo picha ya ghali kuliko zote walizopiga safarini.

Niliposikia habari hiyo nilikumbuka tunavyosimamisha daladala kwetu: mkono mbele, umenyooka, kiganja chini. Tangu siku hiyo basi likija nalitazama tu kwa macho ya huruma, mikono mfukoni. Dereva akielewa, anasimama. Asipoelewa, natembea.

Njoo kwenye namba za gari. Hapa mtu akisajili gari anaweza kuchagua herufi kwa kuongeza pesa kidogo, na wengi huweka za jina lao. Ila kuna herufi hazitolewi ng'o: HJ, KZ, NS, SA, SS. Zote ni vifupisho vya enzi ile: vijana wa Hitler, kambi za mateso, itikadi yenyewe, na majeshi mawili ya chama. Sababu naielewa na naiunga mkono. Lakini hebu mfikirie Mswahili. Hamisi Juma hapati. Khamis Zuberi hapati. Nassoro Salum, Saidi Ali, Salum Saidi, wote wakae pembeni. Ukishawaondoa hao, Kariakoo nzima anabaki nani wa kuendesha gari?

Rafiki yangu mmoja wa kundi hilo la mwisho aligoma kuondoka dirishani kwenye ofisi ya usajili wa magari. Akatoa pasipoti, akatoa cheti cha kuzaliwa, akaeleza kwamba jina alipewa na babu yake kule Tanga, na babu yake hakuwa na ugomvi na mtu yeyote Ulaya. Karani akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole kwamba babu yake hamtilii shaka hata kidogo. Sasa gari lake lina herufi za mke wake.

Mpwa wangu naye alikuja kunitembelea amevaa fulana ya mpira yenye 88 mgongoni, kwa kuwa alizaliwa 1988. Kijana wa watu, anajivunia mwaka wake. Nikalazimika kumfundisha alfabeti upya kituo cha treni: H ni herufi ya nane, nane mbili ni HH, na HH ni salamu ya watu wasiotaka kuitoa kwa sauti. Akaniuliza 44 je? Nikamwambia hiyo nayo ina kesi, mwaka 2024 Adidas walizuia watu kujichapia namba hiyo kwenye jezi ya timu ya taifa ya Ujerumani, kwa kuwa kwa mwandiko ule ilifanana na alama ya SS. Nikamvalisha sweta langu juu ya fulana. Ilikuwa Julai.

Lakini turudi kwa babu, maana hapa Ujerumani babu ndiye mwenye mambo. Nimekaa kwenye meza nyingi za Wajerumani, watu wakarimu, wanakupa keki hata kama umesema umeshiba. Mazungumzo yakifika vitani, kila babu alikuwa mpishi. Asipokuwa mpishi alikuwa dereva. Asipokuwa dereva alikuwa karani wa posta jeshini, na macho yake yalikuwa mabovu. Ukijumlisha mababu wote niliosimuliwa unapata jeshi lililofika karibu na Moscow likiwa limebeba sufuria na bahasha. Mwaka 2002 mtaalamu Harald Welzer na wenzake walitoa kitabu kuhusu jambo hili hili, na jina lake ukilisema kwa Kiswahili ni kwamba babu hakuwa Nazi. Walizungumza na familia nzima, kizazi kwa kizazi, wakakuta hadithi inazidi kutakata kadiri inavyoshuka: babu mwenyewe anasema jambo la aibu, mtoto analipunguza makali, mjukuu analisimulia babu akiwa ameshakuwa mpinzani wa Hitler. Wakati huohuo vitabu vya shule vya mjukuu huyohuyo vinasema ukweli wote. Anaujua. Ila wa vitabuni ni Wanazi, na wa nyumbani ni babu.

Haya nayapata zaidi kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu wa historia, mama wa umri wa bibi, ambaye Jumamosi hunialika kahawa. Yeye wa kwake hamsafishi. Alinionyesha picha ya baba yake amevaa sare, akataja kikosi, akataja mji wa Poland alikokuwa, akafunga albamu, akaniuliza kama naongeza maziwa. Ndivyo alivyo. Kiatu chake kikikanyaga zulia la mtu huomba radhi, lakini historia anakupa bila sukari.

Huyu mama ndiye aliyenihakikishia kwamba Wajerumani wanacheka. Mwaka 2012 mwandishi Timur Vermes alitoa riwaya inayomwonyesha Hitler akizinduka Berlin ya leo na watu wakimdhania mchekeshaji. Ilinunuliwa sana, na 2015 ikawa filamu. Bei ya kitabu ilikuwa yuro 19.33, kwa sababu 1933 ndio mwaka Hitler alioingia madarakani. Nilipoambiwa hivyo nilisubiri kichekesho kiendelee. Kumbe ndio kilikuwa kimeisha. Kichekesho cha hapa lazima uwe umesoma ndipo ucheke, na ukichelewa kucheka unaelezwa tena kwa utaratibu.

Siku nyingine, huku anakata keki ya matufaha, akanisimulia kimoja cha zamani, cha wakati wenyewe wa vita. Hitler na waziri wake Göring wamesimama juu ya mnara wa redio wa Berlin. Hitler anasema angependa kufanya jambo litakalowafurahisha watu wa Berlin. Göring anamwambia: basi ruka.

Nikacheka. Nilicheka hasa, nikapiga na meza. Yeye akanyanyua uma, akaendelea kwa sauti ileile: mwaka 1943 mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha silaha alihukumiwa kifo na Mahakama ya Umma kwa kukisimulia hicho kwa mfanyakazi mwenzake. Wakamuua. Mume wake alikuwa amefia vitani. Vipande vya keki viliniganda kooni. Akaniuliza tena kama naongeza maziwa.

Jamani! Kwa nini usiniambie kabla sijacheka? Au usiniambie kabisa, nicheke niende zangu? Lakini ndio mtindo wao: kichekesho kwanza, hukumu baadaye. Akaendelea na Robert Dorsay, mwigizaji, aliyeuawa Oktoba 1943 kwa mizaha na maneno aliyoandika katika barua. Akaja kwa Werner Finck, aliyekuwa akichekesha kwenye ukumbi mdogo uitwao Katakombe. Akimwona kachero anaandika maneno yake, Finck alimuuliza akiwa jukwaani kama anaongea haraka mno, kama jamaa anafuatana naye vizuri au itabidi yeye ndiye afuatane na jamaa. Ukumbi ulifungwa 1935 na Finck akapelekwa kambi ya Esterwegen. Huyu angalau alitoka hai, na mwalimu aliniruhusu kucheka nusu.

Baada ya hapo nikaanza kuelewa kwa nini mezani kwake mzaha una ngazi. Ukimcheka mwenye mnara, karibu. Ukimcheka aliyekuwa chini ya mnara, mlango ule pale. Kuna watu hapa wangependa ngazi hizo ziondolewe. Mwaka 2018 kiongozi wa chama cha AfD, Alexander Gauland, alisema Hitler na Wanazi ni kinyesi tu cha ndege katika miaka zaidi ya 1,000 ya historia nzuri ya Ujerumani. Mwalimu alipolitaja neno hilo aliweka kikombe chini kwanza. Ndege gani huyo, aliniuliza, anayeua Wayahudi milioni 6? Sikuwa na jibu, wala hakuwa ananiuliza mimi.

Mambo yaliharibika nilipompeleka mtani wangu.

Mtani wangu ni Mhehe wa Iringa, anafanya kazi ya umeme hapa Berlin, na tukikutana wapita njia hudhani tunataka kupigana. Wangoni na Wahehe walipigana kweli, mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, wakauana mpaka pande zote zikachoka. Ukabaki utani. Yeye ananiita mla panya, mimi namuuliza mbwa wa jirani yuko wapi, na mama zetu wanapigiana simu kila Krismasi. Tulipoketi kwa mwalimu, mbele ya keki, mtani akaanza bila hata kusalimia vizuri.

"Mwalimu, huyu Mngoni asikudanganye. Sisi Wahehe fuvu la chifu wetu Mkwawa liliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246. Dunia nzima ilikaa Ufaransa ikalijadili. Wao la kwao liko kwenye kifungu cha ngapi?"

Mimi nami sikukaa kimya. "Liliandikwa 1919, likarudi 1954. Miaka 35! Fuvu lenu lilikuwa linapenda baridi."

"Angalau limerudi. Nyie Nduna Songea Mbano wenu kanyongwa 1906, mpaka leo mnauliza kichwa kiko kabati gani."

"Na Maji Maji nyie mlikuwa wapi? Wangoni tunakwenda na maji dhidi ya bunduki, Wahehe mko nyumbani mnapumzika."

"Tulikuwa tumeshapigana yetu! Tuliwaachia zamu!"

Tukacheka mpaka mtani akatokwa na machozi. Nilipomtazama mwalimu, uso ulikuwa mweupe kuliko sahani zake. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akauliza kwa sauti ndogo hayo mafuvu aliyachukua nani.

Mtani akaangalia dari. Mimi nikaangalia keki. Hatukuwa tumekuja kwa ajili hiyo.

Na hapa ndipo ninapolalamika hasa. Huyu ni mwalimu wa historia. Anajua jina la mwigizaji aliyeuawa kwa sababu ya barua. Anajua mnara ulikuwa na urefu gani. Lakini Maji Maji, 1905 hadi 1907, vita ambayo makadirio ya waliokufa hufika watu 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, alikuwa ameisikia kwa mbali, aya moja, katika kitabu alichokuwa amekiazima. Kuhusu vita ya Hitler napimiwa kila neno. Kuhusu vita ya bibi yangu niko huru kusema chochote kile, na hakuna atakayekasirika, kwa kuwa hakuna anayeelewa nimesema nini. Ningekuwa natoa vichekesho vya Maji Maji ningehitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Kitabu cha Hitler mwenyewe kilipochapishwa upya na wanahistoria Januari 2016 kiliwekewa maelezo kama 3,500, nami naamini kichekesho kimoja tu cha mtani wangu kingekipita.

Siyo kwamba hawakuwa na nafasi ya kujua. Sisi tunakaa Wedding, kwenye ule unaoitwa mtaa wa Kiafrika. Kuna Ugandastraße, kuna Sansibarstraße, kuna Tangastraße, na hakuna hata mmoja ambako utapata chapati. Na ilikuwepo Petersallee. Wanazi waliipa jina hilo 1939 kumuenzi Carl Peters, yule aliyekuja kwetu na mikataba ya ulaghai, ambaye wenyeji walimwita Mkono wa Damu, na ambaye hata serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi 1897 kwa kuwanyonga Waafrika wawili pale Kilimanjaro. Miaka ya 1980 watu wakalalamika. Unajua walifanya nini? Mwaka 1986 wakatangaza kwamba mtaa sasa ni wa Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Jina kibaoni halikuguswa. Rangi ileile, msumari uleule, Peters mwingine.

Niliposoma habari hiyo nilikaa chini kwenye benchi nikacheka peke yangu, na hiki nakiri ndicho kichekesho bora cha Kijerumani nilichowahi kukutana nacho, ila wao walikitoa bila kukusudia. Ilichukua mpaka Agosti 2024 kubadilisha kibao chenyewe. Nusu ya mtaa sasa ni Maji-Maji-Allee, nusu nyingine ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia. Mwenye duka la pembeni, Mturuki, ananiuliza Maji Maji ndiye nani na kama ni ndugu yangu. Nimemwambia ndiyo.

Basi mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, hakulala. Wiki iliyofuata alitupigia simu mimi na mtani, akatupeleka Brunnenstraße 193. Pale chini, katikati ya mawe ya njia, kuna kibamba cha shaba cha sentimita 10 kwa 10. Vibamba hivi alivianzisha msanii Gunter Demnig mwaka 1992, na Ulaya sasa vimepita 100,000: jina la mtu, alipoishi, alikopelekwa, alivyokufa. Ili usome lazima uiname. Hiki ni cha Bayume Mohamed Husen, mtoto wa Dar es Salaam, aliyezaliwa 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed.

Mtu huyu alikuwa askari mtoto wa jeshi la Wajerumani katika vita ya kwanza ya dunia. Akaja Berlin 1929, na moja ya mambo aliyoyafanya ni kwenda wizarani kudai malimbikizo ya mshahara wake na ya baba yake. Hapo nikampenda. Wakamwambia amechelewa. Akafanya kazi ya uhudumu kwenye jumba la starehe, akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Berlin, akaigiza kwenye filamu. Ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1941, inayomsifu nani? Carl Peters. Mwaka huohuo wakamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka Sachsenhausen, na huko alikufa Novemba 1944.

Mtani wangu aliinuka akasema: "Mzaramo huyu angetutania sote." Sijui kama alikuwa Mzaramo, baba yake alikuwa askari kutoka Sudan, lakini nilimwelewa. Mwalimu alikuwa ameshuka na kitambaa na dawa ya shaba, anasugua. Kumbe watu wa hapa hufanya hivyo.

Njiani kurudi akaniuliza utani wetu na Wahehe ulitokana na nani kushinda vita. Nikamwambia hakuna aliyeshinda. Akatembea kidogo, akasema: "Kwa hiyo pande zote mbili zilibaki na watu wa kucheka." Mwalimu akistaafu anaacha mshahara tu, kazi anaendelea nayo.

Nami nikaona hapohapo penye mwanya. Wangoni tupo, hatukuisha. Wajerumani wapo. Tumepigana, hilo halina ubishi. Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Mama mdogo alinipigia siku hiyo, akasema mzee wa watu ameinamisha kichwa vizuri, suti nzuri, ila amekuja mikono mitupu. Kinachozuia utani ni nini tena?

Nikamweleza mwalimu masharti. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kitu akaondoka nacho, na huna pa kushitaki. Kwa kweli, nikamwambia, ukiangalia hivyo, wenzetu mlishaanza zamani. Kati ya 1909 na 1913 mlichimba Tendaguru, kule Lindi, mkaondoka na mifupa zaidi ya tani 200, na mjusi wetu amesimama hapa kwenye makumbusho ya viumbe, urefu wa mita 13 na ushee, watoto wa shule wanalipa kiingilio kumwona. Huo ni utani mkubwa sana. Tumeupokea. Sasa ni zamu yetu kuchukua kitu, tuelekezwe tu kabati liko wapi.

Hakucheka. Alisema atafikiria.

Juzi nimekuta kikaratasi mlangoni, mwandiko wa ubaoni. Anasema amelitafakari suala hilo kwa kina na yuko tayari kuanza utani kwa majaribio, Jumamosi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na nusu, ila angeshukuru akipewa mapema orodha ya mambo yasiyoruhusiwa kuguswa. Nimemjibu nyuma ya karatasi hiyohiyo: orodha haipo, na saa kumi na nusu tutakuwa hatujawamaliza hata Wahehe.